Msindikizaji: Mtu Asiye na Kiti katika Uhakiki Wetu

Katika semina zetu za fasihi simulizi kuna maneno mawili ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huyajua hata kabla hajaijua vizuri njia ya kwenda maktaba: fanani na hadhira. Fanani ndiye anayetoa, hadhira ndiyo inayopokea. Baada ya hapo mhadhiri huongeza mahali, wakati na tukio, mchoro unakamilika ubaoni, nasi tunaunakili. M. M. Mulokozi, katika makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika Mulika mwaka 1989, alitusaidia sana alipotuonyesha kuwa utanzu hauwezi kueleweka nje ya muktadha wa utendaji wake. Sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na sisi tunaounakili mchoro huo kisha tukaenda kula. Katika mchoro wetu kuna mtu mmoja hana kiti. Mtu huyo ni mpigaji.

Nasema mpigaji nikiwa na maana ya yule anayepiga ala ili mwingine aimbe, na ambaye kabla ya siku ya kuimba amekaa na mwimbaji huyo siku nyingi akimfundisha. Je, huyu ni fanani? Hapana, tunasema, fanani ni mwimbaji. Basi ni hadhira? Hapana, yeye yumo jukwaani. Kwa hiyo tunamweka pamoja na vifaa: udi, fidla, ngoma, kinanda, na mtu anayekipiga.

Kiswahili chenyewe kina neno zuri kwa kazi yake: kusindikiza. Lakini neno hilo lina nyuso mbili. Nyumbani, kumsindikiza mgeni ni heshima. Unamtoa mgeni mlangoni, unatembea naye hadi njia panda, mnaongea yale ambayo hayakusemwa ndani, halafu yeye anaendelea na safari na wewe unarudi peke yako. Hapa chuoni neno limegeuka. Mtu akifeli mtihani husema, "Mimi nilikwenda kusindikiza tu." Timu ikifungwa mechi zote huitwa wasindikizaji. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kuwa uhakiki wetu unamtazama mpigaji kwa maana hii ya pili, wakati kazi yake ni ile ya kwanza; na kwamba kwa kufanya hivyo hatumkosei yeye tu, tunakosea hata katika kusoma maana ya kazi ya sanaa.

Majengo, Jumatano na Ijumaa jioni

Swali hili sikulitoa kitabuni, nimelitoa Majengo, Sumbawanga. Wanaoijua Ufipa wanajua baridi ya mwezi wa saba ilivyo kule juu. Jioni za Jumatano na Ijumaa tulikuwa tukifanya mazoezi ya kwaya tumejifunga mashuka na makoti, pumzi zinaonekana mdomoni kama moshi. Mwalimu wetu wa kwaya ndiye aliyekuwa pia mpiga kinanda. Mchana alikuwa fundi cherehani. Jioni alikaa kwenye kinanda, na umeme ukikatika aliendelea kutoa sauti kwa mdomo wake mwenyewe.

Wengi wetu hatukujua kusoma nota. Yeye alichukua mstari wa sauti ya pili, akaupiga peke yake kwa kidole kimoja, akauimba kwa do-re-mi, kisha akatutaka tuuseme kwa maneno. Halafu akaanza kazi ambayo wakati ule niliiona ni usumbufu. "Hapo msipumue," alisema. "Sentensi haijaisha. Mstari umeisha, sentensi bado." Tukarudia. Mtu akapumua. Akasimamisha kinanda. "Nani kaikata sentensi?"

Nilipofika hapa chuoni nikafundishwa neno mishata, yaani mistari ya shairi ambayo maana yake haikamiliki mpaka uvuke kwenda mstari unaofuata. Wenzangu walikuwa wakiandika maana hiyo kwenye daftari. Mimi nilikuwa nimekwisha ipata kifuani, kwa kinanda, miaka mitano kabla.

Siku ya Misa yenyewe alifanya mengine ambayo hakuna aliyeyaona. Mwimbaji wa kwanza akiwa na mafua, alishusha ufunguo kimyakimya ili sauti ya juu isimshinde. Mwimbaji akiruka ubeti kwa woga, kinanda kiliruka naye, na kanisa zima halikujua kuwa kuna ubeti uliopotea. Akikimbia, alimvuta, akichoka, alimbeba. Watu wakitoka nje walisema, "Yule dada leo kaimba jamani!" Ni kweli, aliimba. Lakini nusu ya kile walichokiita kuimba kwake kilikuwa ni maamuzi ya mtu aliyekuwa amewapa mgongo.

Mwaka niliomaliza kidato cha sita kwaya ilirekodi video. Kwa kuwa nilionekana ndiye msomi, nilipewa kazi ya kuandika majina yanayopita mwishoni. Nikayaandika kwa makini: mtunzi, waimbaji wa kwanza, mwenyekiti wa kwaya, katibu, aliyetoa gari, hata mama aliyetupikia wali siku ya kurekodi. Mwalimu sikumwandika. Naapa haikuwa chuki wala dharau. Nilimsahau kama mtu anavyosahau kuandika kuwa palikuwa na sakafu. Yeye mwenyewe alipoitazama video alisema tu, "Majina umeyapanga vizuri."

Kosa ni langu, na silitupi kwa mtu. Nalileta hapa kwa sababu naamini ni kosa ambalo elimu yangu ya fasihi ilikuwa imekwisha niandaa kulifanya. Nilikuwa nimefundishwa kutafuta mtunzi na mtendaji. Niliwatafuta, nikawapata, nikafunga daftari.

Wala jambo hili si la kinanda cha kizungu peke yake. Katika sherehe za Ufipa wako wanawake wanaopiga muziki kwa kusugua kigoda juu ya chungu. Ukiwasikiliza utadhani chungu kinamfuata mwimbaji. Kaa karibu uone: mwimbaji ndiye anayekisubiri chungu. Na katika kanisa la Ufipa kazi ya kumtamkisha mwimbaji ina historia ndefu. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadri Weupe, walipewa Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885, na kwa miongo mingi baada ya hapo, mpaka mabadiliko ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), Misa ilikuwa ya Kilatini. Hebu fikiria mtu anayeongea Kifipa nyumbani na Kiswahili sokoni, Jumapili anaimba Kilatini. Lazima alikuwepo wa kukiweka Kilatini kile kinywani mwake, silabi moja baada ya nyingine. Padre Stephen Mbunga, ambaye kitabu chake juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu kilitoka mwaka 1963, ni mmoja wa Watanzania waliofungua njia ya kuleta mahadhi ya kwetu katika ibada. Lugha ikabadilika, mahadhi yakabadilika. Kiti cha anayefundisha na kusindikiza kikabaki palepale.

Siti na wenzake

Sasa tuje kwenye mfano ambao sote tunaufahamu. Shaaban Robert aliandika Wasifu wa Siti binti Saad katika miaka ya 1950, baada ya Siti kufariki mwaka 1950. Ni kitabu muhimu, na kwa maoni yangu mwandishi amefaulu katika lengo lake: kumtoa binti wa Fumba, aliyezaliwa katika umaskini na kuuza vyungu, na kumsimamisha mbele yetu kama kielelezo cha juhudi, subira na tabia njema. Alikejeliwa kwa wimbo juu ya sura na asili yake, naye akajibu kwa wimbo. Maswali ya mitihani hayakosi hapo: jadili nafasi ya mwanamke, jadili utabaka, jadili msimamo wa mwandishi.

Kitabu kinaitwa wasifu wa Siti na kwa haki yake kinamfuata Siti. Ila mimi nilikisoma kitabu hicho, nikakifanyia mtihani, nikapata alama nzuri, na sikutoka na jina la mpigaji hata mmoja kichwani. Hakuna mwalimu aliyeniuliza, wala mimi sikujiuliza. Majina yao yako: Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruku Talsam, na Maalim Shaban ambaye alikuwa mwimbaji pia. Hawa ndio waliokuwa kundi moja na Siti. Kabla yao kulikuwa na walimu. Masimulizi ya maisha yake yanamtaja Ali Muhsin, mwanamuziki wa mjini, kuwa ndiye aliyemsikia, akampenda sauti na bidii yake, akamfundisha. Siti hakujua kusoma wala kuandika. Taarab aliyoikuta mjini Unguja ilikuwa ya Kiarabu, na yeye ndiye anayesifiwa kwa kuifanya iseme Kiswahili. Lakini aliimba kwa Kiarabu pia. Mtu asiyesoma aliyapataje mashairi ya lugha ya kigeni, matamshi yake, na mahali pa kuvuta pumzi? Aliyapata kwa sikio, kutoka kwa watu waliokaa naye. Kipaji ni chake. Njia ya kukifikisha kipaji kwetu ilikuwa ya watu wengi.

Mwaka 1928 Siti na wenzake walikwenda Bombay kurekodi santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Hapa tunajifunza jambo ambalo mhakiki wa maneno matupu hawezi kuliona. Santuri ya zama zile, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilibeba kama dakika tatu upande mmoja. Wimbo wa harusini unaweza kurefushwa kadiri watu wanavyotunza na kuomba urudiwe. Kwa hiyo chumbani kule Bombay lazima wimbo ukatwe. Beti zipi ziachwe? Ala zianze peke yake kwa muda gani kabla sauti haijaingia? Kiitikio kirudiwe mara ngapi? Maamuzi hayo ni ya fani, tena fani hasa, na hayawezi kufanywa na mwimbaji peke yake, kwa sababu anayeshika mapigo ndiye anayeushika wakati. Tunapoyanukuu leo maneno ya nyimbo zile na kuyahesabu mizani, tunahesabu kile kilichobaki baada ya kazi ya kikundi, kisha tunaandika jina moja.

Tena kuna jambo la kutuaibisha kidogo. Baadhi ya wenzake Siti walirekodi pia kwa majina yao wenyewe. Kampuni ya biashara, yenye lengo la kuuza santuri, iliwapa nafasi ya jina ambayo sisi wahakiki, tunaojiita watetezi wa wasanii wa umma, tumeshindwa kuwapa.

Na historia ya taarab yenyewe ilianza vipi? Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, alimtuma Mohamed bin Ibrahim kwenda Misri kujifunza kupiga kanuni. Tazameni jambo hilo. Jina la mwanzo kabisa katika simulizi ya taarab ni la mpigaji. Hakutumwa mtu kujifunza kuimba, alitumwa mtu kujifunza ala. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Nadi Ikhwan Safaa. Mpaka leo wanaofuata mwenendo wa zamani huweza kufungua shughuli kwa bashrafu, kipande cha ala tupu, kabla ya neno lolote. Lakini darasani taarab huanzia kwenye ubeti wa kwanza.

Gurudumu lililosimama

Wapo watakaoniuliza: haya yote ni muziki, fasihi iko wapi? Fasihi ni sanaa ya lugha. Kinanda hakisemi neno.

Kwanza niseme kuwa hoja hii si ya kwetu. Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954 juu ya sheria za kutunga mashairi, alisisitiza kuwa shairi ni la kuimbwa. Miaka ya 1970 washairi wakagombana juu ya vina na mizani, na waliotetea utaratibu wa zamani walishikilia kuimbika kama nguzo yao. Sawa. Kama shairi ni la kuimbwa, basi namna linavyoimbwa ni sehemu ya shairi, na anayeshika namna hiyo ni sehemu ya usanii wake. Hatuwezi kulitumia neno "kuimbika" kama silaha ya ugomvi halafu tukaliacha mlangoni tunapoingia kuchambua.

Pili, kuna mfano wa Ulaya ambao nauona unajibu swali hili wazi kuliko yote. Goethe, mshairi wa Kijerumani, ana shairi ambamo msichana Gretchen amekaa na gurudumu lake la kusokota nyuzi, akimwaza mwanamume aliyemvuruga moyo. Mwaka 1814 Franz Schubert, kijana wa miaka 17, alilitilia shairi hilo muziki kwa sauti moja na piano. Piano ndiyo gurudumu: mkono wa kulia unazunguka bila kukoma. Msichana anaimba sifa za mwanamume yule, moja baada ya nyingine, mpaka anafika kwenye busu. Hapo gurudumu linasimama. Kimya. Kisha linajaribu kuzunguka, linakwama, linajaribu tena, ndipo linashika mwendo. Sasa chukua shairi la Goethe ulisome mstari kwa mstari. Hakuna mahali palipoandikwa kuwa gurudumu lilisimama. Jambo kubwa kuliko yote katika wimbo ule, kwamba mwili wa msichana umesahau kazi kwa kukumbuka busu, halikusemwa na mshairi wala mwimbaji. Limesemwa na piano. Mpigaji akiharakisha kulianzisha gurudumu, dhamira imeharibika. Je, hiyo si maana? Na kama ni maana, si yetu?

Wenzetu nao waliwasahau wapigaji wao kwa muda mrefu. Katika karatasi za maonyesho jina la mwimbaji liliandikwa kwa herufi kubwa, la mpiga piano likawa dogo chini. Aliyeupinga mtindo huo kwa nguvu ni Mwingereza Gerald Moore (1899–1987). Huyu aliishi maisha yake yote ya kazi akiwasindikiza waimbaji wakubwa, na mwaka 1962 akaandika kumbukumbu zake kwa jina ambalo ni swali, Am I Too Loud?, yaani anauliza kama anapiga kwa kishindo mno. Swali hilo ni la utani, lakini ndani yake mna uchungu wa mtu ambaye kazi yake hukumbukwa pale tu inapozidi. Alipoaga jukwaa mjini London, Februari 1967, waliimba naye Victoria de los Ángeles, Elisabeth Schwarzkopf na Dietrich Fischer-Dieskau. Mwisho kabisa, waimbaji wote walipokwisha maliza, Moore alikaa peke yake akapiga wimbo wa Schubert uitwao An die Musik, bila sauti ya mtu. Wimbo ukasikika ukiwa umebaki na msindikizaji tu. Ninauona kama tendo la uhakiki: alionyesha, bila hotuba, kile kilichokuwapo siku zote chini ya sauti za wengine.

Baada yake akaja Graham Johnson, aliyezaliwa Bulawayo mwaka 1950, yaani Zimbabwe ya leo, karibu zaidi na Tunduma kuliko London. Huyu alirekodi nyimbo zote za Schubert kwa sauti na piano katika mfululizo wa diski 37, akiwa na waimbaji wengi tofauti, na mwaka 2014 akachapisha majuzuu matatu ya kuzichambua. Mpigaji huyu amekuwa mhakiki. Wala si ajabu. Yule aliyesimamisha mazoezi mara mia kuuliza kwa nini neno hili liko hapa na si pale, ndiye aliyekwisha fanya kazi tunayoifanya sisi, tena kwa masikio.

Kwenye majumba ya opera kazi hii imekuwa ngazi. Kabla okestra haijaingia, kuna mtu anakaa na mwimbaji chumbani, anapiga kwa piano sehemu ya okestra nzima, anamfundisha nota, Kiitaliano au Kijerumani, pumzi na maana ya kila neno. Georg Solti, aliyekuja kuwa mwongozaji okestra mashuhuri duniani, alianza kwa kazi hiyo Budapest katika miaka ya 1930. Siku ya onyesho mtu huyo haonekani jukwaani. Anasikika katika kinywa cha mwingine.

Pingamizi la pili, na maswali matatu

Kuna pingamizi lingine, nalo ni zito kuliko la kwanza. Rafiki yangu mmoja, tulipokuwa tunabishana bwenini, aliniambia: "Wewe unataka uhakiki uwe orodha ya shukrani. Leo mpigaji, kesho aliyechonga ngoma, keshokutwa aliyemchinja ng'ombe aliyetoa ngozi. Utaishia wapi?"

Ameniweka pabaya, nakiri. Nilikwisha waona watu wa orodha. Mimi mwenyewe niliandika orodha yenye mama wa wali, na bado haikuwa na ukweli. Kwa hiyo sidai majina zaidi kwa ajili ya majina. Nadai swali. Mhakiki anapokutana na kazi inayotendwa kwa ala, ajiulize mambo matatu. Kwanza: ukimwondoa mpigaji huyu ukamweka mwingine, maana inabadilika? Aliyechonga ngoma, kwa kawaida, hapana. Aliyelisimamisha gurudumu la Gretchen, ndiyo. Pili: ni maamuzi gani ya fani yaliyofanywa na ala na si na maneno, kama vile kunyamaza, kurudia, kuharakisha, kukata? Tatu: nani alimfundisha mtendaji, na mafundisho hayo yanasikika wapi ndani ya utendaji?

Maswali haya yanaweza kutumika hata kwenye maandishi. Katika hadithi, mwenye kuitikia "pakawa" msimulizi anaposema "paukwa" ni msindikizaji, na asipoitika hadithi haisogei. Tunamwita hadhira, tunamaliza. Lakini hadhira inayoitika kwa wakati wake, kwa sauti iliyokubaliwa, inafanya kazi ya ala. Huenda mchoro wetu wa ubaoni unahitaji mstari wa tatu kati ya yule anayetoa na wale wanaopokea, mahali pa mtu anayepokea kwanza ili mwingine aweze kutoa. Mpigaji husikiliza kuliko watu wote waliomo ukumbini. Yeye ndiye hadhira ya kwanza, na kwa sababu hiyo hiyo ndiye fanani wa pili.

Udhaifu wa hoja yangu naujua. Ushahidi wa kazi ya wapigaji wetu wa zamani ni haba kwa sababu kazi hiyo haikuandikwa, na mhakiki asiye na ushahidi ana hatari ya kuanza kubuni. Lakini wapigaji wa leo wapo hai. Wako Unguja, wako Tanga, wako katika kila parokia na usharika, na wengi wao wana simu za kurekodia sauti kuliko sisi tulivyo na vitabu. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu aache kuchambua kwa mara ya mia nafasi ya mwanamke katika kitabu kilekile, aende mazoezini. Asiende siku ya onyesho, aende Jumatano jioni, akae karibu na kinanda, aandike kila mahali mazoezi yanaposimamishwa na sababu yake. Nina hakika atarudi na sura nzima ya fani.

Likizo iliyopita nilikwenda kumwona mwalimu wangu Majengo. Nilimkuta kwenye cherehani. Nikamwamkia, nikaomba radhi juu ya yale majina. Ilikuwa imepita miaka mitatu, na kwanza hakukumbuka naongea nini. Kisha akacheka. "Mwanangu," akasema, "ukisikia watu wanamsifu mwimbaji, ujue nimepiga vizuri."

Jibu zuri, na mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nimelifikiria njia nzima ya basi kutoka Sumbawanga mpaka Mbeya, na sikubaliani nalo. Ni adabu ya msanii, naye ana haki ya kuwa nayo. Mhakiki hana haki hiyo. Mgeni akishasindikizwa huenda zake bila kugeuka nyuma, na hiyo ni kawaida ya safari. Sisi tuliobaki barazani tukitazama ndio tunaopaswa kusema kuwa walitoka wawili.

Ile video bado ipo. Faili la majina nalo limo katika kompyuta ya yule aliyeihariri, na nimekwisha mwomba aongeze mstari mmoja.